Mdogo Wangu Alipima Taka za Mji Mzima, Akanifuta Mimi

Ndugu mhariri, kisa changu kitoe ila jina ulifiche, maana Moshi hii kila mtu ni shemeji wa mtu. Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kirua Vunjo. Kiwanda tulichokuwa tukifanyia kazi kilipouzwa tukapunguzwa, wenzangu wengi wakarudi kwenye migomba. Mimi nikanunua mkokoteni. Nilikuwa nimeona kitu: kinachotupwa mjini, kwingine kinatafutwa. Maranda ya mashine za mbao nikawapelekea wafuga kuku, machicha ya vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi, yakapanda mlimani kwa ng'ombe wa ndani, maganda ya kahawa yakashuka kwa wachoma matofali wa tambarare. Mkokoteni ukazaa pikapu. Kwa pikapu hiyo nilimsomesha mdogo wangu wa mwisho hadi chuo.

Mwaka juzi alirudi na kazi ya muda: kupima taka za viwanda, gereji na maduka, ili ofisi ya mji ipange dampo jipya na sheria ndogo ya usafi. Hakuna aliyemfungulia mlango. Wenye biashara siku hizi wakiona kijana na fomu wanajua ni kodi tu. Akaja kwangu amenywea. "Dada, wewe wanakujua. Nipeleke."

Nikampeleka. Niliacha shughuli zangu nikazunguka naye na mizani yangu ya machicha, nikamwonyesha namna ya kutenga, maana taka ukiipima imeloa inakudanganya. Mzee mmoja mwenye mashine ya mbao, tunamwita Meku, alikataa katakata. Nikamwambia, "Meku, huyu tumenyonya ziwa moja. Mwambie kweli." Basi akasema yote, hata oili chafu ya mashine anayoimwaga mtaroni. Wengine walipoona Meku kafunguka, nao wakafunguka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nafika getini kwa Meku kuchukua maranda, mlinzi ananizuia. "Mama, taka zimepata mwenyewe." Kumbe mkandarasi mmoja kapewa taka zote za biashara, mwingine akizigusa anakamatwa. Meku akatoka, na yeye ameshapigwa faini kwa ile oili.

"Si ulisema ni mdogo wako? Umetuletea mpelelezi, mama. Na chai tukampa, na ndizi akala!"

Nilikwenda ofisi ya mji kuomba kuisoma ripoti. Jumla zake ni sahihi, mizani si yangu? Ila alijumlisha, hakutoa. Yote ninayoyabeba mimi ameyahesabu kuwa yanatupwa ovyo, chini akaandika hakuna anayeyakusanya. Ndiyo maana mji ukaonekana umezama, hautaokolewa ila na malori ya mkandarasi.

Nikamfuata. Hakuniangalia usoni. "Dada, fomu ilikuwa na nafasi ya makampuni tu. Wewe ningekuandika wapi?"

Ningemwamini, kama asingekuwa amevaa fulana ya mkandarasi huyohuyo. Ndiye msimamizi wao sasa.

Wenye biashara wamepata kikao na wakubwa wa mji, Alhamisi ijayo, waipinge ripoti. Wanataka nisimame niseme taka zilikuwa zinakwenda wapi na nani alizipima. Nilishakubali. Jana mama yangu akashuka kutoka mlimani na jani la isale, kalifunga fundo. Kwa msiotoka kwetu: isale likiletwa mlangoni kuomba msamaha halikataliwi, na ukishalipokea kesi imekufa, huisemi tena popote.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikamuuliza.

"Anaona aibu, mwanangu."

"Aibu hiyo mbona imemjia kabla ya kikao, mama? Miezi yote hii ilikuwa wapi?"

Akanipita, akaingia ndani. Amekaa sebuleni na jani mapajani, chai haigusi, anasema harudi Kirua mpaka nilipokee.

Nikilipokea, Alhamisi nanyamaza, pikapu inaozea uani, na Meku anakufa akijua nilimuuza. Nikilikataa, ninayemkataa ni mama aliyelibeba, si yule aliyelituma. Wasomaji wenzangu, hasa mliolelewa na masale mipakani mwenu, nishaurini. Namsikia anakohoa huko sebuleni. Nikatoke nimwambie nini?