Kuntau Yangu na Silsila ya Mjomba

Katika watoto wote waliofua nazi na kuanika mbata pamoja nami Msambweni, ni mimi peke yangu niliyerudi nyumbani na diploma. Niliondoka nikiwa mwosha masufuria melini. Nikapanda cheo nikawa mtia makaa, kisha fundi wa mitambo katika karakana ya bandari ya Singapore, na huko ndiko nilikojifunza, kila nilipotoka kazini, kuntau, mchezo wa ngumi na mateke wa Wachina ambao vijana wa leo wanauita kung fu. Hakuna baba aliyenilipia wala serikali iliyonipeleka. Mwalimu wangu alinipa karatasi nzito yenye muhuri mwekundu na maandishi yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Niliporudi, katika miaka hiyo ya hamsini, niliitundika chumbani kwa mama, mkabala wa mlango, ili aingiaye asiikose. Mama hakujua kuisoma, lakini kila mgeni alimwambia, "Tazama hiyo kwanza, kisha ukae."

Nilitaka kufungua shule. Uwanja wa mchanga nilikuwa nao, nyuma ya minazi aliyoniachia marehemu baba. Vijana walikuwepo, walitoka hata Gazi na Galu kuja kunitazama nikivunja ubao kwa kiganja. Kilichokosekana ni neno la mjomba.

Mjomba, ndugu wa mama, alikuwa fundi wa kirumbizi, ule mchezo wa bakora unaochezwa harusini kwa zumari na ngoma, watu wawili ndani ya duara. Hakuna mzazi aliyekubali mwanawe afundishwe kupigana na mtu ambaye mjomba hajamkubali. Mudir naye, mtawala wa serikali pale kwetu, kwa kuwa ilikuwa miaka ya hali ya hatari na serikali haikupenda kuona vijana wamekusanyika, alisema wazi kwamba ruhusa ataitoa wazee wakisimama nami. Isitoshe, mjomba hakujaliwa mtoto wa kiume. Yeye ndiye aliyenitia bakora mkononi nilipokuwa mdogo, na kila mtu alijua uwanja wake ulikuwa ukimngoja nani.

Kwetu mchezaji hakuingia duarani hivi hivi. Aliweka bakora chini, akasimama, akataja silsila yake: mimi ni mwanafunzi wa fulani, naye ni wa fulani, naye ni wa fulani, mpaka wa mwisho. Zumari ilinyamaza. Watu waliinua mikono wakawasomea Fatiha hao waliotajwa, na hapo tu ndipo bakora iliokotwa. Silsila ya mjomba ilikuwa na mwalimu wake, na nyuma ya huyo watu wanne. Niliijua kwa moyo kabla sijajua kusoma.

Basi nilimwendea barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Muuza kahawa alikuwepo, na wazee wengine wa mtaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu, bwana diploma. Hebu nieleze, huyo mwalimu wako alifundishwa na nani?"

Nilimweleza ukweli. Mwalimu wangu alijifunza mitindo mitatu kwa watu mbalimbali, akaona kila mmoja una kasoro yake, akachukua kizuri cha kila mmoja akatunga mtindo wake.

"Ameutunga," mjomba alisema. "Lini?"

"Miaka michache tu kabla sijafika mimi."

Muuza kahawa alicheka hata vikombe vikagongana mkononi. "Jamani, mtindo wenyewe haujaota meno!"

"Mmeniona nikicheza," nikasema. "Yupo hapa wa kunisogelea?"

"Hayupo," mjomba alijibu. "Hata punda wangu hayupo wa kumsogelea kwa nyuma." Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. "Mateke yako nimeyaona, mwanangu. Ni mazuri. Siulizi kama yanapiga. Nauliza, ukishaweka bakora chini, tunamsomea nani? Mtu aliye hai, anakula wali wake huko Singapore?"

Maneno hayo hayakuwa mageni kwangu. Huko Singapore, mbele ya shule yetu palikuwa na mkahawa, na wazee wa Kichina waliokaa pale mchana kutwa walisema kwamba mtindo wetu hauna babu, kwamba mwalimu wangu anapasha moto mabaki ya vyungu vya majirani. Sikusafiri kote huko ili nije nisikie yale yale Msambweni.

"Basi nitaje mimi," mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Sema umetoka kwangu, kisha cheza hayo ya Wachina. Nitasimama nawe."

"Siwezi kusema kwamba kuntau nimeitoa kwako, mjomba. Utakuwa uongo mbele ya Fatiha."

Alivua kofia, akaipangusa kwa kiganja, akaivaa tena. Sikuwa nimemtukana. Nilisema lililo kweli, na ningeulizwa leo ningesema hilo hilo.

Ubishi ukaenea. Wakitoka msikitini watu waliulizana wako upande gani. Vijana walisema mtindo ukipiga umetosha. Wazee walisema hata mwizi anapiga. Mjomba akaona aumalize ubishi mwenyewe. Rafiki wa mwisho wa mwalimu wake alikuwa angali hai huko Vanga, mzee sana. Mjomba alimtumia salamu kwa dereva wa lori, amwombe aje aeleze mbele ya watu silsila ya kweli inavyokuwa.

Mzee alikuja kwa basi, na mkoba wa ukindu mapajani. Mjomba alichinja mbuzi, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Baraza ilijaa, na vijana walisimama mpaka njiani.

"Mzee wetu," mjomba akasema kwa furaha, "hebu waambie hawa. Mwalimu wangu alifundishwa na nani?"

Mzee alicheka kama mtu aliyekumbushwa kitu kitamu. "Yule? Yule hakufundishwa na mtu, mwanangu. Tulichukuliwa pamoja upagazi, vita vya Mwingereza na Mjarumani. Kambini palikuwa na askari wa kila namna, Wahindi, Wanubi, na wengine sijui wa wapi, na wote walicheza fimbo. Yeye alikaa pembeni akitazama. Aliiba hapa, akaiba pale, akachanganya. Alikuwa na macho yule!"

"Na wale wanne?" mjomba aliuliza.

"Wale wenzetu wa mizigo, Mungu awarehemu. Fimbo walikuwa hawaijui kabisa. Mmoja wao alikuwa akikimbia hata mjusi." Akacheka tena, kisha akafuta macho. "Walikufa njiani kwa tumbo la kuhara. Hawakupata sanda, hawakupata kuoshwa, na makwao hatukupajua. Rafiki yangu aliporudi akasema, nitawaingiza kwenye mchezo wangu, niwaite walimu, wapate Fatiha kila harusi. Nawe umewasomea miaka yote hii. Nimekuja hasa kukushukuru."

Hata muuza kahawa alitazama chini. Ndipo sauti ya kijana ikatoka njiani: "Kumbe na huo wa bakora umetungwa!" Vijana wakaangua kicheko.

Mjomba alisimama. "Mzee," akasema, "chakula kipo tayari. Tukanawe."

Siku iliyofuata alikuja nyumbani kwa mama. Alikuwa hajapata kuitazama diploma yangu. Siku hiyo aliitazama muda mrefu. "Mwambie mudir nimekubali," akasema.

"Na silsila?"

"Ingia tu ucheze."

Nilipata nilichokitaka. Shule ilifunguliwa, na nasema bila haya kwamba kutoka Likoni mpaka Vanga hapakuwa na mwalimu kama mimi. Wanafunzi wangu walivaa nguo nyeupe na waliamka alfajiri bila kuamshwa.

Baadaye palikuwa na harusi Diani, siku zile Diani ilikuwa msitu na nyumba chache za Wazungu ufukweni, na mjomba aliombwa afungue mchezo kama kawaida. Aliweka bakora chini. Zumari ikanyamaza. Akamtaja mwalimu wake, kisha akakwama. Watu walingoja, mikono yao juu. Akainama, akaokota bakora, akamwambia mpiga zumari, "Piga," akaenda kukaa. Hakuingia duarani tena.

Nilimfuata kwake. "Mjomba, mzee wa Vanga hakusema mchezo wako ni wa bure. Alikuja kukushukuru."

"Najua."

"Na Fatiha iliwafikia."

"Huenda. Lakini wewe ulikataa kusema uongo mbele ya Fatiha. Mimi kumbe nimeusema tangu ujana, tena kwa sauti."



Maradhi yalimchukua polepole. Mara ya mwisho niliyokaa naye aliniuliza, "Mwalimu wako yu hai bado?"

"Yu hai, mjomba."

"Akifa, mtaje."

"Na wewe nitakutaja."

"Mimi nilikufundisha nini?" Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Kushika bakora."

"Na bakora huchezi," akasema, akajifunika shuka.

Tulimzika Msambweni. Harusi ya kwanza niliyoalikwa baada ya hapo ilikuwa Galu, na walinialika pamoja na shule yangu yote, kwa heshima kubwa. Nilikwenda na bakora yake. Niliiweka chini katikati ya duara, na mpiga zumari, ambaye alinijua tangu utoto, akanyamaza. Nikamtaja mjomba. Nikamtaja mwalimu wake. Nikawataja wale wanne, mmoja mmoja. Majina yao siyaandiki hapa. Kwetu yalitajwa kwa mdomo, mbele ya watu walioinua mikono.

"Hao si wale wapagazi?" mtu akauliza nyuma, na wenzake wakacheka.

Sikuona mikono iliyoinuka. Niliinua yangu. Niliisoma Fatiha kwa sauti, bila haraka, na nilipofika "Amin" nikageuka. Wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kuanza mateke.