Risasi Iliyoshonewa Kitambaani

Hapa Drežnica, kijiji cha Slovenia chini ya mlima Krn, ukilima viazi unachimbua vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waaustria na Waitaliano walipigana huku juu, wakaondoka, wakatuachia chuma chao. Kila nyumba ina ganda la kombora lililogeuzwa chombo cha maua, na mtu alipookota asichokijua alikipeleka kwa jirani yangu, Zdravko Skočir.

Zdravko ni fundi bomba mstaafu, ana vidole vinene na ulimi mkali. Alikuwa akishika ganda la risasi, analifuta kitako kwa kidole gumba, anasoma alama ya kiwanda na mwaka, kisha anatoa hukumu. Siku moja nilimpelekea kipande cha chuma nikijiona nimeokota dhahabu.

"Jirani, hiki ni kifuniko cha jiko," akaniambia. "La mama yako, nadhani."

Lakini hakumdanganya mtu. Waliotamani vitu vyao viwe adimu walirudi wamenuna.

Risasi moja tu hakuruhusiwa kuigusa. Ilikuwa imeshonewa ndani ya kitambaa cheusi, nyuma ya msalaba jikoni kwao. Ndiyo iliyomuua babu yake, Andrej. Alikuwa askari wa Austria, na kijiji chetu kilikuwa kimeshatekwa na Waitaliano. Usiku mmoja akashuka mlimani kuja kumwona binti yake mchanga, akafika mlangoni na risasi mgongoni, akafa. Mkewe aliitoa wakati wa kumwosha maiti. Kila Siku ya Watakatifu Wote inapelekwa kaburini, inakaa hapo mpaka mshumaa uishe, kisha inarudishwa. "Waitaliano walimuua baba yangu," alisema yule binti maisha yake yote. Ndiye mama yake Zdravko, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Aliyeilipia risasi hiyo ni Milka, dada yake Zdravko. Usichanani alipendana na Elvio, dereva wa malori ya mbao kutoka Italia, ng'ambo ya mpaka. Siku Elvio alipokuja kuposa, mama alikitoa kitambaa, akakiweka mezani katikati ya sahani.

"Mahari ndugu zako walishaleta," akamwambia. "Hii hapa."

Elvio aliondoka kofia ikiwa mkononi. Milka hakuolewa naye wala na mwingine, na mimi ninayekaa naye benchi moja kanisani sijawahi kumsikia akiimba.

Mama huyo alifariki msimu wa mavuno, mzee sana. Wiki moja kabla ya Watakatifu Wote, Zdravko aliniita. Alitaka hatimaye kuiona risasi ya babu yake, maana ndiyo iliyomwingiza katika kazi hii ya kusoma risasi tangu utotoni. Akakata uzi. Risasi ikaanguka mezani, nene.

"Ya Kiitaliano ni nyembamba, na sumaku haiitaki," alikuwa amenifundisha mara nyingi. Akasogeza sumaku. Risasi ikairukia, ikanasa. Akaibandua, akajaribu tena. Ikanasa tena.

"Ni ya Austria?" nikauliza.

"Ya jeshi lake mwenyewe. Walimpiga akienda nyumbani."

"Labda Mwitaliano fulani aliokota bunduki yao."

"Labda! Jirani, mimi nimewahi kukupa labda?"

Kisha akauinua uzi aliokata, akausogeza dirishani. Ulikuwa wa nailoni. Bibi yake alikufa kabla nailoni haijafika kijijini. Kuna aliyekwisha kukifungua kitambaa kile, akakishona upya.

"Mama," akasema. "Na mimi ndiye niliyemfundisha. Nikiwa mtoto nilikuwa nikimpangia risasi mezani hapa hapa: hizi za kwao, hizi za kwetu. Sasa alifungua lini? Kabla ya Elvio, au baada?"

Aliyekuwa na jibu tulikuwa tumeshamzika. Zdravko alilia bila kujificha. Nami nilimchukia yule marehemu, Mungu anisamehe.

Siku ya Watakatifu Wote tulisimama makaburini kwenye ukungu. Milka aliwasha mshumaa, akakipokea kitambaa, akakipapasa.

"Mshono gani huu, kama wa gunia? Umekifungua."

"Ndiyo, dada."

"Basi niambie wewe unayejua. Ni ya Waitaliano kweli?"

Nilimtazama Zdravko. Nilidhani atasema ukweli.

"Ya Waitaliano, dada. Kama mama alivyosema."

Milka akashusha pumzi, akakiweka kitambaa kaburini.

"Afadhali," akasema. "Basi Elvio sikumwacha bure."

Tulingoja mshumaa uishe. Tangu siku hiyo watu bado wanampelekea Zdravko makopo ya risasi na maganda yenye kutu. Haoni haja hata ya kuyageuza kitako. Anawarudishia mlangoni.

"Sijui," anawaambia.