Matone Kumi ya Karafuu

Kijiji kizima cha Kilema kinamwita Kornelia Mama Karafuu, na jina hilo alipewa kwa kejeli. Mjane huyu wa miaka hamsini na miwili alianza mwaka juzi kumtilia ng'ombe mafuta ya karafuu kwenye pumba, matone kumi kwa siku, kama bwana mifugo alivyomwelekeza. Aliambiwa yanapunguza gesi tumboni, chakula kigeuke maziwa badala ya kuishia hewani.

"Mama, maziwa yako tunywee chai au tupikie pilau?" majirani walimtania.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa shemeji yake, Ildefonce, mkulima wa mpunga Mabogini. Alimpa Kornelia amfuge kwa mila ya kwao: maziwa na samadi ni vya Kornelia, na ndama wa tatu angekuwa wake kabisa. Huyo wa tatu alikuwa tumboni, mimba ya miezi saba.

Jumamosi moja Kornelia alirudi kutoka kukata majani akamkuta ng'ombe ameanguka bandani, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, ulimi nje. Ildefonce alikuwa amesimama juu yake na panga.

"Umemuua! Si ulisema mafuta yako yanazuia gesi? Haya, umeizibia humo humo! Toka nimchinje kabla hajawa kibudu."

"Yanapunguza, shemeji, hayazibi. Ukimchinja, umechinja na ndama wangu."

"Ndama gani? Mchawi we!"

Alimpiga shingoni kwa ubapa wa panga. Kornelia alianguka kwenye samadi, akainuka, akajitupa juu ya ng'ombe. Panga likashuka tena, safari hii kwa makali, likampasua mkono wa kushoto. Hakubanduka. Alichomoa kisu kiunoni, na Ildefonce akaruka nyuma akidhani anachomwa yeye. Kisu kikazama hadi mpini kwenye ubavu uliovimba. Gesi ilitoka kwa mluzi, damu na majani yaliyosagika vikamrukia Kornelia usoni, na banda zima likanuka uvundo na karafuu. Akachomeka bua la jani la mpapai kwenye tundu lisizibe.

Valerian, jirani aliyesikia kelele, aliingia mbio akamnyang'anya Ildefonce panga na kumbamiza ukutani. Kisha, kwa kuwa ng'ombe bado alikuwa anakoroma, akamtia mkono kooni. Akatoa kokwa nzima ya parachichi.

"Nani kampa parachichi?" Kornelia aliuliza, damu ikimchuruzika vidoleni.

Ildefonce alitazama kapu lake pale mlangoni. Lilikuwa tupu.

"Nilimletea zawadi," alisema.

Kornelia alimzaba kofi kwa mkono uleule uliokatwa. Zahanati walimshona nyuzi kumi na moja.

Ndama alizaliwa baada ya miezi miwili, jike, akaitwa Kokwa. Siku Ildefonce alipokuja kumwona, alibisha hodi mara tatu kabla ya kujibiwa.

"Karibu, shemeji," Kornelia alisema kutoka bandani, akihesabu matone. "Kapu liache huko nje. Na panga."