Pikipiki ya Shaame na Ng'ombe wa Bi Mwanakhamis

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bi Mwanakhamis Jecha anawafunga nira ng'ombe wake wawili na haitikii salamu. Anayemwamkia ni mdogo wake, Shaame, aliyesimama kando ya ua wa makuti hapa Mikunguni na kamba mpya ya usumba begani. Dada yake ameiona kamba hiyo tangu mbali na anajua ni ya nini.

"Shikamoo, dada."

Bi Mwanakhamis anakaza ukanda wa pili.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Na jibu ni lile lile la jana."

Bi Mwanakhamis ana umri wa miaka thelathini na minane na ni mchukuzi wa gari la ng'ombe. Mumewe, marehemu Mmanga, alifariki mwaka juzi akamwachia watoto watatu, gari moja na ng'ombe wawili, Debe na Tandu. Jamaa walimshauri auze. Alikataa.

"Ningeuza, fedha ningekula mwaka mmoja," anamwambia mwandishi wa habari hizi. "Ng'ombe nawala kila siku na bado wapo."

Mwanzoni watu wa mtaani walitoka vibarazani kumtazama mwanamke aliyeshika hatamu. Siku hizi hawatoki. Wanajua akipita saa moja kasorobo anakwenda kwenye tanuri la chokaa, na akirudi jioni atakuwa mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu.

Chokaa hiyo ndiyo riziki yake ya sasa. Inapelekwa Kiembe Samaki, ambako skuli mpya inajengwa. Analipwa shilingi sita kwa siku, na ujenzi utachukua wiki sita. Ni kazi nzuri kuliko zote alizopata tangu afiwe. Lakini msimamizi ana sharti moja, naye amelitamka mbele ya wachukuzi wote: gari likikosa hata siku moja linafutwa kwenye orodha.

Na hapo ndipo Shaame anapoingia na kamba yake.

Shaame ni fundi wa baiskeli. Kwa miaka miwili amekuwa akiokota vyuma vya pikipiki zilizokufa, na kutokana na pikipiki tatu ameunda moja. Haina taa, haina madigadi, haina honi. Haina namba wala karatasi, kwa hiyo askari wa kwanza atakayeiona barabarani ataikamata na mwenyewe juu yake.

Jumapili hii kuna mbio za pikipiki katika uwanda wa Fukuchani, kaskazini kabisa, maili thelathini kutoka mjini. Mshindi atapewa shilingi mia mbili. Shaame anataka kwenda. Kuipanda haruhusiwi. Magari ya abiria yanamkataa kwa sababu ya harufu ya petroli. Kilichobaki ni ng'ombe wa dada yake.

"Mbio zenyewe ni za muda gani?" Bi Mwanakhamis anauliza, ingawa ameshauliza jana na juzi.

"Duru tano."

"Nimeuliza muda."

Shaame anaitazama kamba. "Kama dakika saba hivi."

"Mwasikia!" Anawageukia ng'ombe, kana kwamba ndio watu wazima waliopo. "Siku moja na nusu ya kwenda, siku moja na nusu ya kurudi, kwa dakika saba! Mimi kukaanga samaki kwanichukua zaidi ya hapo."

Hasira yake ina historia. Mwaka jana alimwazima Shaame gari na ng'ombe aende mwenyewe. Pikipiki ilipakiwa juu ya gari, Shaame akakaa mbele, akaondoka baada ya sala ya alfajiri.

Wachukuzi wa Unguja wana tabia ya kulala juu ya magari yao. Ng'ombe wanaijua njia, mchukuzi anajifunika gunia, na kila mtu anafika salama. Shaame alikuwa ameliona hilo maisha yake yote. Kwa hiyo alipopita Mtoni naye akajifunika gunia.

"Alidhani ng'ombe wanajua kila njia," anasema dada yake. "Ng'ombe wanajua njia ya kazi yao. Wakati ule tulikuwa tukichukua nazi Kizimbani. Basi walipofika Bububu wakakata kulia, kama kila siku."

Shaame aliamshwa na mnyapara wa shamba, aliyemuuliza nazi anazotaka kupakia ni ngapi, na hicho kitu cha chuma juu ya gari ni cha nini. Alipofika Fukuchani, watu walikuwa wanakunja bendera. Na mtikisiko wa mawe ulikuwa umelegeza kila nati aliyokuwa ameikaza.

Ndiyo maana safari hii hataki kuipakia. Anataka ivutwe kwa kamba nyuma ya gari, juu ya magurudumu yake yenyewe, naye ameikalia ameshika usukani. Lakini hapo lazima awepo mtu mwengine wa kuwaongoza ng'ombe, na ng'ombe hawa hawamsikilizi yeyote ila Bi Mwanakhamis.

"Kwa hiyo haniombi gari," anasema. "Ananiomba mimi."

Mia mbili za Fukuchani, na mia mbili na ziada za chokaa. Hesabu hiyo Bi Mwanakhamis ameshaifanya na haimpi taabu. Kinachomuudhi ni jambo jengine. Hajui kama mdogo wake anaweza kushinda, kwa sababu hajawahi kumwona akishindana na mtu.

"Ng'ombe hununui kabla ya kumwona akivuta," anamwambia Shaame, akipanda kwenye gari. "Haya, funga kamba yako. Nnakwenda Kiembe Samaki na chokaa. Kule kuna uwanja. Nikuone."

Safari ya kwenda inachukua asubuhi nzima. Gari limejaa magunia yaliyopakiwa tanurini, Debe na Tandu wanakwenda mwendo wao, na nyuma yao Shaame anavutwa juu ya pikipiki akipokea vumbi lote la chokaa linalomwagika. Wanapopita Mwanakwerekwe, mwanamke mmoja aliyebeba kuni anasimama.

"Bi Mwanakhamis! Huyo nyuma nani, maiti?"

"Bado," anajibu bila kugeuka.

Wa kushindana naye wamempata njiani. Ni Mcha, muuza mikate anayesambaza mikate kwa pikipiki yake, ambaye mwaka jana alikuwa wa pili Fukuchani. Baada ya alasiri anafika uwanjani, kapu tupu bado limefungwa nyuma.

"We Mcha," Bi Mwanakhamis anamuuliza, "Fukuchani unafikaje?"

"Naipanda, Bi Mwanakhamis. Yangu ina namba."

"Umesikia?" anamgeukia Shaame. Kisha kwa Mcha tena: "Basi si umvute huyu?"

Mcha anacheka mpaka anashika kapu. "Nimvute maili thelathini, halafu anishinde? Hasha! Ujinga huo sina."

Wanakubaliana duru tatu, kuzunguka miti miwili ya mvinje. Bi Mwanakhamis anakaa juu ya magunia matupu, kanga imefungwa kichwani, mikono imekunjwa. Uso wake ni wa mtu anayesubiri kuthibitisha alichokuwa akisema siku zote.

Duru ya kwanza Mcha anaongoza. Bi Mwanakhamis anatikisa kichwa polepole, na anaonekana kuridhika.

Duru ya pili, kwenye mvinje wa mbali, Mcha anapunguza mwendo ili akate kona. Shaame hapunguzi. Analala ubavu mpaka goti linakaribia kugusa mchanga, anapita ndani, na anatokea upande wa pili akiwa mbele. Duru ya tatu anaimaliza, anazima mashine, anashuka, na Mcha bado anakuja.

"Salaale," anasema Mcha anapofika. Kapu lake limedondoka njiani. "Yakhe, hiyo umeitia nini?"

Shaame anamtazama dada yake.

Bi Mwanakhamis ameshuka kwenye gari na anajifanya kukagua kwato za Tandu. Anakagua muda mrefu kuliko kwato zinavyohitaji.

"Nilikuwa nnaomba ashindwe," anasema baadaye, akiwa amekereka kweli. "Angeshindwa, ningekwenda zangu nyumbani, nikapika, nikalala. Sasa ndiyo kanitia kazini."

Maana sasa hawezi kusema tena kwamba safari ni ya bure. Na sharti la msimamizi liko pale pale: Jumamosi na Jumatatu gari lake lisipofika kwenye tanuri, anafutwa. Jumapili tu ndiyo hakuna kazi.

Njia iliyobaki ni moja, nayo haipendi. Wachukuzi wana desturi ya kuazimana zamu. Mwenye dharura anampa mwenzake zamu yake ashike, na msimamizi haulizi gari ni la nani mradi mzigo umefika. Lakini zamu inaazimwa siku mbili tu za kazi. Siku ya tatu ikiingia mwenyewe hajarudi, zamu ni ya aliyeishika, na hakuna wa kumlalamikia.

Kabla ya magharibi yuko mlangoni kwa Jaku, mchukuzi wa Amani, ambaye gari lake halina kazi mpaka Jumanne.

"Jumamosi na Jumatatu," anamwambia. "Jumanne alfajiri nipo."

"Na usipokuwepo?"

"Wajua desturi kama mimi niijuavyo."

Jaku anakuna ndevu. Ni mtu asiye na haraka, na hilo nalo linamuudhi Bi Mwanakhamis. "Mimi wiki ijayo nna zamu ya papa bandarini," anasema. "Siku tatu. Unichukulie wewe jioni baada ya chokaa, zote tatu."

Papa mkavu kutoka majahazini ndio mzigo ambao kila mchukuzi anaukimbia. Harufu yake inaingia kwenye mbao za gari, kwenye nira, kwenye nywele.

"Siku mbili."

"Tatu, Bi Mwanakhamis. Au nenda kwa mwengine."

"Wala huoni haya, kumkandamiza mjane!"

"Mjane gani? Wewe juzi umenipita njiani na magunia ishirini, hukunipungia hata mkono."

Anakubali tatu.

Ijumaa ataifikisha chokaa mapema kuliko kawaida, na wataondoka mara tu watu watakapotoka msikitini. Usiku watapumzika Mahonda kwa shangazi yao, na Jumamosi watasogea taratibu, kwa sababu kutoka Mkwajuni njia ni mawe matupu na kwato za Tandu si za kuchezea. Jumapili mbio zinaanza saa tatu. Saa sita, ashinde asishinde, ng'ombe watakuwa wamefungwa nira kurudi mjini.

Kuhusu zawadi, Bi Mwanakhamis hataki kuota. Ikipatikana, nusu yake ni ya Shaame, ailipie ukaguzi, taa na namba, ili mwakani aende Fukuchani kwa barabara kama watu wengine na asirudi tena kwenye ua wake na kamba. Nusu nyengine ataiweka kwa ajili ya binti yake mkubwa, Mwanapili, anayetaka kuendelea na masomo.

Na kama Shaame hatashinda?

"Basi nitakuwa nimenuka papa siku tatu kwa ajili ya kutazama vumbi," anasema, akiwamwagia ng'ombe majani. Shaame amechuchumaa kando, anakaza nati ya gurudumu la nyuma, na anacheka kimya kimya.

Dada yake anamwona.

"Unacheka? Zile kona unazolala kama mtu aliyechoka kuishi, nimeziona. Nshakwambia, na wasomaji nao wasikie: ukitaka kuanguka, pita kwanza kamba ya kumalizia. Ukishaipita, anguka upendavyo. Gari lipo, nitakupakia."