Mti wa Mama Kirimi

Nakumbuka Desemba moja ya kiangazi kikali, mwanangu, mwanzoni mwa ile miaka ya themanini, wakati tulikuwa tunakula mahindi ya manjano ya msaada na kuyasema vibaya huku tunayatafuna. Nilikuwa bado mke mgeni katika nyumba ya watu. Kaa karibu kidogo. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na sina nguvu ya kusema jambo moja mara mbili.

Tulikaa Bulla Pesa, hapa Isiolo, kwenye ploti yenye vyumba vya mabati, mimi na mama mkwe wangu. Watu walimwita Mama Kirimi, kwa jina la mwanawe wa pekee, ambaye ndiye mume wangu. Kirimi alifanya kazi dukani Nairobi, akawa anakuja nyumbani sikukuu kwa sikukuu. Baba yake alikuwa dereva wa lori la jirani yetu, Mzee Jama, Msomali ambaye babu yake aliletwa Isiolo na uaskari wa wakoloni. Lori hilo lilipanda Timau kuchukua viazi. Safari moja, katikati ya miaka ya sabini, baba mkwe alirudi na mche mdogo wa saiprasi, ile miti inayopandwa ua huko juu kwenye baridi. Akaupanda ndani ya debe kuukuu la mafuta ya kupikia na kumwambia mke wake, "Sasa na sisi tuko na mti wa Krismasi." Hakumaliza mwaka. Lori lilimpindukia kwenye mteremko wa kutoka Timau.

Huku kwetu saiprasi haina maisha, wewe mwenyewe unalijua jua letu. Watu wengine wakati wa Krismasi walikata tawi la mgunga, wakaivika ile miiba pamba na baluni, ikatosha. Wengine waliagizia tawi bichi kwa malori, likifika limeanza kukauka. Lakini Mama Kirimi aliutunza ule wa debe miaka yote hiyo. Aliunywesha maji ya kusuuzia vyombo. Jua likiwa kali aliusogeza kivulini, na jioni akauingiza ndani kwa sababu ya mbuzi. Haukuwahi kunipita kiunoni, na upande mmoja ulikuwa na upara. Hata hivyo, ukiingia chumbani unasikia harufu yake kabla hujaona kitu.

Mwaka ule wa kiangazi, maji yalikuwa vita. Mama alitoka asubuhi na jerikeni, akarudi jua likiwa kichwani, na magoti yake yalishaanza kumsumbua. Nikimwambia, "Mama, acha niende mimi," anasema, "Wewe una mimba, Kagendo. Keti." Kirimi alipokuja mara ya mwisho kabla ya hapo, alimwona akimimina maji kwenye debe, akasimama kumtazama. Sikujua anawaza nini.

Basi siku chache kabla ya Krismasi akashuka kwenye basi na katoni begani. Mama alikuwa kwenye foleni ya maji. Kirimi akaifungua katoni kwa furaha kama mtoto. Ulikuwa mti wa plastiki, matawi ya waya unayachomeka moja moja kwenye shina. Aliniambia Nairobi iko ya kila namna, kuna ya kijani, kuna ya fedha, kuna hata myeupe kabisa, lakini yeye alichagua huu kwa sababu ulifanana na ule wa mama. "Huu haunywi maji," akasema. "Mama atapumzika."

"Si umngoje basi aje?" nikamwambia.

"Nataka akute umesimama."

Kukawa hakuna nafasi ya miti miwili. Akalibeba debe akaliweka nyuma ya jikoni, tukaanza kufunga baluni. Mbuzi wa kiangazi hachagui, mwanangu. Tulipotoka nje, walikuwa wameula mpaka wakachubua gome. Kilichobaki ni kijiti cheupe.

Mama alifika. Akaitua jerikeni. Akalitazama lile debe, kisha akatutazama sisi.

"Nani aliutoa nje?"

"Ni mimi, mama," Kirimi akasema. "Lakini njoo uone nilichokuletea."

Aliingia, akauona. Akasema, "Asante." Akaenda kupika chai. Tangu hapo hakuketi tena katika chumba kile. Alikula jikoni, alishona jikoni, na hata Krismasi yenyewe, tuliporudi kanisani, alienda moja kwa moja kwenye kigoda chake karibu na moto. Kirimi alijaribu kumwita, ikawa kazi bure. Mwishowe akakasirika, akasimama mlangoni akasema, "Mama, ni mti tu! Nimekuletea wa maisha."

Mama alisukuma ukuni motoni. Aliyejibu ni Mzee Jama, ambaye kila Krismasi alikuja kula chapati zetu, kama sisi tulivyokula kwake siku ya Idi. Alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Salaam aleikum. Kirimi, hebu niambie. Ulimuuliza mama?"

"Nilitaka kumpumzisha, Mzee."

"Sijakuuliza ulitaka nini. Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Huo mti nilikuwa nimekaa na baba yako kwenye lori siku aliununua. Aliniachia usukani, akaubeba kwa mapaja kutoka Timau mpaka hapa, akinikataza nisiendeshe kwa mashimo. Mimi, mwenye lori!" Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Wewe umeona kazi ya kubeba maji. Hukuona kitu kingine. Ingia kwa mama yako."

Kirimi aliingia, akachuchumaa kando ya kigoda. Kisha akasema, "Mama, nisamehe. Nitapanda Timau nikuletee mwingine."

"Usilete," mama akasema. "Mwingine wa nini?" Aliyapangusa macho kwa kanga. "Unajua nilikuwa nimeuchoka ule mti? Kila siku maji, kila siku mbuzi. Mwaka huu nilikuwa nimeamua Krismasi ikipita nimpe padri, aupande kwenye uwanja wa kanisa, wengine wautunze. Nilitaka niupeleke mwenyewe. Niuage. Ungeniuliza, Kirimi, ningekwambia."

Mume wangu alilia, na yeye hakuwa mtu wa kulia. Mama alimwacha alie, kisha akamkatia chapati.

Mwaka uliofuata Kirimi aliuliza kwanza. Mama akasema, "Simamisha ule wa plastiki, maji bado ni shida." Tulisherehekea nao Krismasi kadhaa kabla hajafariki. Hakuwahi kuuchukia. Lakini kila ukisimamishwa nilimwona Kirimi akimtazama mama usoni kabla hajachomeka tawi la kwanza.

Sasa mimi ndiye mwenye magoti mabovu. Watoto wangu wananipenda, na kwa kunipenda wananiondolea vitu vyangu. Nikitoka kanisani naambiwa kitanda kimebadilishwa. Sina nguvu ya kugombana nao, nasema asante, naenda kuketi jikoni. Kwa hiyo wewe nakuambia mapema, mwanangu. Ukiona mzee amechoka na mzigo, usiunyakue. Muulize. Kaa naye, asikie umeuliza kweli, na umngoje ajibu, hata akichelewa. Pengine amekuwa tayari kuutua tangu zamani. Mpe nafasi autue kwa mkono wake mwenyewe, halafu ndio ulete kipya chako, naye atakipokea.

Nenda sasa, nilale kidogo. Mungu akupe mikono mipole na masikio yenye subira. Akupe kuzeeka kati ya watu watakaokuuliza.