Mwambie Daktari Ulivyoanguka

Asubuhi ile ya soko la Lyulilo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, hata harufu ya samaki waliokuwa wakishushwa kwenye mitumbwi. Nakuita mwanangu ingawa sijafikia umri wa kupishwa kiti na watu. Goti langu la kulia ndilo limenitangulia kuzeeka, na yaliyolipata sitaki kuyanyamazia wakati wewe bado unaruka mitaro.

Kwanza nikwambie mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma nione kama kweli umefungwa. Nikifua shuka likabaki na doa dogo ambalo hakuna mwingine angeliona, silali vizuri. Nilizaliwa ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi, mama yangu akifinyanga vyungu, kisha nikaolewa na Lusajo huko Talatala, kwa Wanyakyusa, watu wa mpunga na kakao. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha adabu za kule. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kusikiliza maongezi ya wanawake kisimani na kumdodosa wifi yangu Tumpe mpaka akachoka. Na mtu anayejifundisha mwenyewe mara nyingi huzidisha, mwanangu, kwa sababu hajui ni wapi panapotosha.

Adabu niliyoishika kuliko zote ilikuwa ya baba mkwe. Kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe wake wala hazungumzi naye. Akimwona anakuja, anaiacha njia, anaingia pembeni, anampa mgongo na kuinama mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameilegeza. Baba mkwe wangu mwenyewe, mzee wa kanisa, mpole, hakuwahi kunidai. Mimi ndiye niliyejidai. Hata kofia yake ikiwa imeanikwa kwenye kamba, sikutundika nguo zangu karibu nayo.

Tumpe alikuwa akinicheka. "Wewe Mkisi utatushinda sisi Wanyakyusa kwa Unyakyusa! Ipo siku utakikimbia hata kivuli chake."

Siku hiyo ya soko nilinunua chungu kikubwa cha kupikia, bodaboda ikanishusha barabarani, nami nikashika njia ya miguu inayopita katikati ya mikakao, chungu kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yanadondosha maji. Nilipokata kona, huyo baba mkwe hapo mbele, na panga lake la kuvunia, karibu kabisa. Nikageuka ghafla ili niiache njia. Ndani ya goti nikasikia mlio, na nilijikuta chini, vigae vya chungu vimenizunguka.

Nilisikia hatua zake zikisogea, zikasimama, zikarudi nyuma. Hakujua afanye nini, masikini. Kunishika hawezi, kuniacha hawezi. Akaanza kuiita mikakao kwa sauti kubwa: "Jamani! Hakuna mtu huko? Huku kuna mtu ameanguka!" Aliita hivyo mpaka mama mkwe akaja mbio na mikono yenye unga.

Mama mkwe aliniuliza nimeangukaje. Nikamjibu kwamba nimeteleza, goti likagonga jiwe. Ningesemaje? Kwamba nimeumia nikimkimbia mumeo? Niliona nikisema hivyo nitakuwa nimemshitaki mzee asiye na kosa, tena na adabu yangu yote itageuka kichekesho cha kijiji. Kwa hiyo nikalitafutia goti langu jiwe.

Kabla ugali haujaiva goti lilikuwa limejaa kama papai. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto na majani, kwa mapenzi yote, nami nikang'ata kanga nisipige kelele. Baadaye nimefundishwa kwamba goti lililovimba papo hapo namna ile huwa limevujia damu ndani. Halitaki kukandwa wala moto. Linataka kupumzishwa, kuinuliwa juu ya mto, na kuwekewa kitambaa chenye baridi. Lakini siku ile nani alijua? Zahanati nikarudia habari ya jiwe. Mganga akabonyeza pale nilipomwonyesha, akaniandikia nipigwe picha ya eksirei mjini. Picha ikaonyesha mifupa mizima kabisa. Nikapewa dawa za maumivu na kuambiwa nipumzike. Mganga hakukosea, mwanangu. Alilijibu swali nililompa.

Uvimbe ukaisha. Nikawa natembea wima, na watu wakanipongeza. Sehemu ya tambarare sikuwa na shida yoyote. Shida ilianza nikigeuka. Nikigeuka kuchota maji, au nikitaka kumwahi kuku jikoni, goti lilichomoka kidogo halafu likarudi, kama droo ya kabati iliyolegea. Sikumwambia mtu. Nilifungua simu nikatafuta mazoezi ya goti, na kwa kuwa mimi ni mimi, niliyafanya yote, hata ya wacheza mpira. Nikawa napima magoti yangu mawili kwa uzi wa kushonea nione kama yanalingana. Yalilingana. Nikajiambia basi nimepona, ni woga tu. Na kila baba mkwe alipopita, niliendelea kuiacha njia na kuinama.

Siku iliyonitisha, nilikuwa navuka gogo la mfereji wa mpunga, mtoto wangu mgongoni, Tumpe nyuma yangu na jembe begani. Katikati ya gogo nikageuza shingo na kiwiliwili kumjibu neno, goti likachomoka. Nilikwenda ubavu. Tumpe alitupa jembe, akaishika mbeleko kwa mikono miwili, akatuvuta sote wawili mpaka tukaangukia upande wa matope badala ya upande wa maji.

Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

"Wifi," Tumpe akasema, bado ameng'ang'ania ile mbeleko, "hilo goti lina nini? Na usiniambie jiwe. Nimeshachoka na hilo jiwe lako."

Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba nisingeweza tena kumbeba mtoto wangu mgongoni na kulala usingizi.

Jioni ile ile, nikiwa jikoni, nilimsikia baba mkwe nje ya ukuta akimwambia mkewe kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika na wa tatu. "Mama Lusajo, mimi nimenyamaza vya kutosha. Goti la huyu binti si la jiwe. Lusajo yuko safari na gari la watu, hatumsubiri. Kesho tunakwenda Mbeya."

Tukaenda. Baba mkwe alikaa mbele na dereva, mimi na mama mkwe tukakaa nyuma kabisa, na njia nzima nilijifunika kanga usoni. Kule hospitali yeye akabaki kwenye benchi la nje.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana, mwenye haraka lakini si mkali. Alinilaza, akalikunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na ugoko kwa mkono mwingine, akawa anauvuta ugoko kuja mbele.

"Dada, legeza paja."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza. Ni gumu kama ubao. Paja likikaza hivi, linalishikilia goti na mimi sipati jibu." Akaachia, akavuta kiti. "Hebu niambie uliumiaje."

"Niliteleza, nikagonga jiwe."

"Mguu ulikuwaje? Ulinyooka? Ulikunjwa? Mwili ulielekea wapi?"

Nikasema sijui. Na kweli sikujua, maana nilichokitazama siku ile ni pa kujificha, si mguu wangu. Daktari akamgeukia mama mkwe. "Kuna mtu aliyemwona anaanguka?"

Mama mkwe akanitazama, akautazama mlango. "Yupo. Lakini kumwingiza humu ndani ni kazi."

Aliitwa. Nikajifunika kanga kichwani. Baba mkwe akaja mpaka mlangoni, akasimama akiwa ametupa mgongo sote, uso wake umeelekea kwenye korido.

"Karibu ndani, mzee," daktari akasema.

"Hapa panatosha, mwanangu. Wewe uliza tu."

"Unaongea na nani huko nje?"

"Naongea na ukuta. Wewe sikiliza unachosikia."

Muuguzi akaanza kucheka kwa kujiziba. Baba mkwe akauambia ukuta kila kitu. Kwamba mguu wangu wa kulia ulikuwa umezama kwenye tope la mtaro mpaka kifundoni. Kwamba mwili mzima, pamoja na chungu, uligeuka kwenda upande wa shamba, lakini mguu haukugeuka. Kwamba aliusikia ule mlio kabla chungu hakijafika chini. "Jiwe halikuwepo," akamalizia. "Njia ile nimeisafisha mwenyewe. Alikuwa ananikimbia mimi, na uzuri wangu wote huu!"

Hapo na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, chini ya kanga, na daktari akaona paja langu limelegea. Akalishika upesi. Ugoko ukateleza kuja mbele, hata mimi nikauhisi. Akaujaribu na mguu wa kushoto, wenyewe ukagoma pale pale.

Akanieleza kwa maneno ninayoweza kukurudishia. Ndani ya goti kuna kano, nyuzi ngumu zinazofunga mfupa wa paja na mfupa wa ugoko. Mojawapo inapita katikati, na kazi yake ni kuuzuia ugoko usiteleze mbele na kulishika goti mtu anapogeuka. Mguu ukinasa na mwili ukazunguka, ndiyo inayokatika. Eksirei haiioni, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa. Kipimo cha MRI kilithibitisha: kano imekatika, na gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, limeanza kuchanika pembeni kwa sababu ya kule kuchomoka mara kwa mara. Miezi yote niliyoitumia kupima uzi, goti lilikuwa linajila.

Si kila mtu hupasuliwa. Daktari alisema wapo wanaoimarisha misuli ya paja kwa mazoezi wakaishi vizuri. Lakini mimi nalima kwenye tope, nabeba mtoto, goti linachomoka, na gegedu limeguswa. Tukakubaliana upasuaji, ila si siku hiyo. Kwanza niliandaliwa kwa mazoezi hadi goti likanyooka lote na kukunjika bila kuvimba. Ndipo nikachomwa ganzi ya mgongoni, wakachukua kipande cha kano ya msuli wa nyuma ya paja langu mwenyewe, wakakipitisha ndani ya goti kiwe kano mpya, na gegedu wakalishona.

Tulipokuwa tunatoka siku ile ya vipimo, baba mkwe alisimama kwenye korido, akamwambia mkewe nami nikiwa hatua chache nyuma: "Mwambie binti yako, heshima yake niliipokea tangu siku alipoingia nyumbani. Haihitaji kuletwa upya kila siku. Akiniona njiani abaki njiani. Mimi ndiye nitakayeingia kwenye mikakao."

Mama mkwe akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Amesikia," akamwambia mumewe, kana kwamba mzee ni kiziwi.

Baada ya upasuaji nilitembea na magongo, kisha bila magongo. Mama aliyekuwa ananifundisha mazoezi tiba alinigombeza si kwa uvivu bali kwa kuzidisha. Nilikwenda kwake goti limevimba nikidhani atanisifu. Akaniuliza nani amenituma. Akaniambia kano mpya ni kama mche uliohamishwa kutoka kitaluni, ina muda wake wa kushika, na juhudi yangu haiwezi kuuharakisha. Ilinichukua sehemu kubwa ya mwaka kuruhusiwa kuingia kwenye majaruba. Leo napandikiza mpunga, nabeba mtoto wangu, navuka gogo lile. Asubuhi za baridi goti hukaza, nami hulinyoosha taratibu kabla sijainuka. Halijawa kama la kushoto na halitakuwa. Hilo lilinichukua muda mrefu kulikubali kuliko upasuaji wenyewe.

Basi sikiliza, mwanangu. Goti likilia ndani na kuvimba siku hiyo hiyo, usimpe mtu alikande, na usiridhike na picha ya mifupa peke yake. Likichomoka unapogeuka, hata kama halikuumi, hujapona. Mtafute daktari alishike kwa mikono yake, na umweleze ulivyoanguka kama ilivyokuwa, mguu ulikuwa wapi na mwili ulikwenda wapi. Kama hukuona, mlete aliyeona, hata kama ni mtu unayemwonea haya. Ukiambiwa upumzike, pumzika. Ukipewa mazoezi, fanya uliyopewa, usijiongezee ili usifiwe. Na unaowaheshimu, waulize wanachotaka kwako kabla hujajiumiza kwa ajili yao. Mara nyingi wanataka uwe mzima tu.

Mungu akulinde kwenye matope na kwenye magogo ya mifereji. Akupe wifi mwenye mikono ya haraka, na wazee wasioona tabu kukupisha njia. Na siku utakapobeba mtoto mgongoni, miguu yako yote miwili ikubebe wewe na yeye, ikufikishe. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisikiliza.