Nilivyoifukiza Kompyuta ya Zuhura

Jamani, nichekeni tu. Mjukuu wangu Zuhura kaiunda kompyuta mwenyewe hapahapa Mtoni, kwa vipuri vya kuokoteza. Juzi asubuhi kabonyeza kitufe, kimya! Na kadi za harusi za watu zimo humo, wenyewe wanazifuata adhuhuri.

"Jicho hilo!" nikamwambia. "Jana Bi Mwajuma wa jirani kaisifu bila kusema mashallah."

Zuhura akafungua boksi, akawa anachomoa hiki, anapachika kile. Mie mbio nikaleta chetezo, nikafukiza ubani mpaka kwenye feni, huku nasoma dua kwa sauti. Niliwahi kumfukiza punda hivihivi akasimama, ila hayo tuyaache. Majirani wakajaa mlangoni, Bi Mwajuma mbele.

"Sema mashallah, bibi wee!" nikamwambia.

Akasema, masikini. Kimya.

Zuhura anakohoa moshi, akapeleka mkono nyuma ya boksi. Mara feni hizo, vuuu! Taa zikawaka! Nikapiga takbiri, nikaruka kama kijana.

"Kuna swichi huku nyuma," akasema Zuhura, "ilikuwa imezimwa."

Niwaambieni, mie kabla ya kulala huzima kila swichi ya nyumba, umeme wa luku usije ukaisha.

"Mume wangu," akaniita, utani wetu wa babu na mjukuu, "jana usiku ulizima zipi?"

Watu wote wakanigeukia. Bi Mwajuma akakinyanyua chetezo, akanisogelea.

"Kumbe mgonjwa mwenyewe huyu hapa! Hebu inama nikufukize."